Re: Rangi ya kopo inatoka na vipele na michirizi

Mkuu, umeuliza kwa nini rangi ya kopo la kupuliza inatoka na vipele na michirizi kwenye viti vyako vya chuma. Hivyo vipele ni upepo na vumbi letu la Dodoma. Rangi inakauka hewani kabla haijagusa chuma. Puliza asubuhi na mapema, na umwagie maji chini kwanza vumbi litulie.

Michirizi ni kusogea karibu mno na kutaka kumaliza kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi. Kaa sentimita 25 hivi, anza kubonyeza kabla ya ukingo wa kiti, pita bila kusimama, achia ukishavuka ukingo wa pili. Mkono wa kwanza chuma kitaonekana bado, usihangaike nacho. Subiri kidogo, ongeza mwingine mwembamba. Kutu utoe kwanza kwa brashi ya waya na msasa, upige praima ya chuma, ile rangi ya msingi. Kopo litikise dakika nzima baada ya gololi iliyo ndani yake kuanza kugonga.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi, tafuta yenye vichujio vya mvuke. Usipulizie karibu na jiko, ile gesi ya kwenye kopo inawaka. Wala usiliache kopo ndani ya gari juani. Likipita nyuzi 50 linaweza kupasuka.