Jibu: Mkunde mwitu wa Subukia na wa Mogotio, je, ni mmea mmoja?
Ndugu, umeuliza kwa nini mkunde mwitu (kwa jina la kisayansi Neonotonia wightii) uliouchuma Subukia bado ni majani matupu, ilhali ule wa Mogotio, ulioupanda siku hiyohiyo shambani kwako Njoro, umekwisha kuchanua. Zote ni spishi moja. Mmea huu hujichavusha wenyewe kwa kiasi kikubwa, na kwa hiyo kila kundi linaloota mahali pake hutunza tabia zake kizazi baada ya kizazi: muda wa kuchanua, ustahimilivu wa ukame, hata malaika ya majani, yaani vinyweleo vyake laini, ambayo utayahisi ukilipapasa jani kwa kidole gumba. Tofauti hufika hadi ndani ya seli, kwani zipo aina zenye kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 22 na nyingine 44. Huko Australia, aina ya mmea huu iitwayo Tinaroo, yenye asili ya Kenya, huchelewa kuchanua kuliko Cooper iliyotoka Tanzania.

Nakusihi usizichanganye mbegu hizo, kwa maana ukishazimwaga katika gunia moja hutaweza kuzitenganisha tena. Andika kwenye kila mfuko mahali ulipochuma na mwinuko wake, kisha uzikwaruze kwa msasa kabla ya kupanda, kwa sababu ganda lake ni gumu.