Baiskeli milimani Kigoma: nipite wapi kihalali?

Swali: Natafuta njia zenye mawe na miteremko mikali huku Kigoma. Nianzie wapi nisije nikakamatwa?
Msomaji, Mwandiga

Jibu: Anzia kwa mtendaji wa kijiji, mweleze njia na siku. Msitu ukiwa wa hifadhi ya serikali kuu, kibali kaombe TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Gombe ni hifadhi ya taifa, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa; usijipenyeze kabisa. Ukikutana na kina mama wenye kuni kichwani, shuka uwapishe. Njia ni yao kwanza.

Nenda kiangazi, Juni hadi Septemba. Wakati wa mvua udongo mwekundu hujaa kwenye uma unaoshika gurudumu hadi linagoma. Tairi la upana wa inchi 2.25 lenye tyubu lijaze upepo wa psi 28 hivi (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Ukizidisha, linateleza juu ya changarawe. Ukipunguza mno, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu, na pancha yake ina matundu mawili sambamba.