Unalipa madeni ya kadi mwenyewe hapa Uingereza? Difolti ikija mapema ni nafuu kwako

Wabongo wenzangu na ndugu zetu Wakenya mlioko huku, hili swali naulizwa sana kwenye simu na kwenye magrupu ya WhatsApp nikaona bora niliandike mara moja tu. Difolti ni nini (kwa kifupi, mkopeshaji kukuhesabu kwamba umeshindwa kulipa kama mkataba unavyosema), na mtu anayelipa madeni yake mwenyewe bila kampuni ya katikati afanyeje ikimfikia. Mimi nimelipa hivyo, kadi tatu za mkopo, barua naandika mwenyewe, baada ya zamu kupunguzwa pale kwenye nyumba ya wazee nilipokuwa nafanya kazi na mshahara ukawa hautoshi tena kodi ya nyumba na kadi kwa pamoja.

Nianze na lile ambalo wengi hawalijui na linawaumiza: kama hela uliyonayo kwa mwezi itachukua miaka mingi kumaliza deni, difolti usiikimbie, bora ije mapema. Najua inasikika vibaya, na mi mwenyewe nilivyoambiwa mara ya kwanza na mshauri wa National Debtline, wale wanaotoa ushauri wa madeni bure, nilidhani sijamwelewa, ila ukikaa na kalamu utaona.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Notisi ya difolti ni barua. Inatokana na sheria ya mikopo ya mwaka 1974, kifungu cha 87, na mkopeshaji hawezi kukatisha mkataba na kukudai deni lote kwa mkupuo kabla hajakutumia hiyo barua. Lazima iseme umechelewesha kiasi gani na ikupe angalau siku 14 za kulipa hicho ulichochelewesha, na ukikilipa ndani ya hizo siku yanakwisha, inakuwa kama hakikutokea kitu. Alama ya difolti ni kitu kingine, hiyo inaandikwa kwenye rekodi yako ya mikopo kule Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, kwa kawaida ukishakuwa nyuma kati ya miezi mitatu na sita. Watu wanachanganya, mtu anapata barua anaona kashafikishwa mahakamani, dada mmoja alinipigia analia anauliza polisi wanakuja lini. Hakuna polisi jamani. Deni la kadi huku hufungwi jela kwa ajili yake, na yule anayegonga mlango kwa niaba ya kampuni ya kukusanya madeni hana ruhusa ya kuingia ndani kwako. Yeye sio dalali wa mahakama. Dalali anakuja baada ya hukumu, na ni pale ambapo umeshindwa kulipa vile hukumu ilivyosema.

Sasa hesabu yenyewe. Alama ya difolti inakaa kwenye rekodi miaka 6 kuanzia tarehe ya difolti, halafu akaunti yote inaondoka pale, uwe umemaliza kulipa au bado. Lakini kama mkopeshaji hakukupa difolti, akakubali tu ulipe pungufu, anaandika herufi AP kila mwezi, maana yake mna makubaliano ya malipo, na hiyo akaunti inabaki kuonekana mpaka miaka 6 ipite baada ya deni kuisha. Chukua mtu anadaiwa pauni 9,600 na anaweza kutoa pauni 100 kwa mwezi, riba imesimamishwa. Hiyo ni miaka 8. Akianza 2024 na difolti ikaandikwa mwaka huohuo, 2030 rekodi yake imesafishika huku bado analipa, anamaliza 2032. Mwenzake mwenye AP bila difolti anamaliza 2032 hiyohiyo lakini rekodi inamfuata mpaka 2038. Huyo aliyeonekana ndo mwaminifu zaidi ndo anaumia zaidi, na hapo ndo huwa nakasirika kweli, maana hakuna anayemwambia.

Kwa anayeweza kumaliza ndani ya miezi michache, hesabu ni nyingine, huyo apambane difolti isiandikwe kabisa. Nawasemea wale wa safari ndefu.

Kwa hiyo ukiona umelipa pungufu zaidi ya nusu mwaka na kadi moja bado inaandika AP au inaandika umechelewa tu, waandikie. Mimi kadi mbili ziliandika difolti mapema, ya tatu ikawa inavuta tu mwezi baada ya mwezi, nikawaandikia kwamba kwa mwongozo wenu wenyewe wa kuripoti, mteja anayelipa chini ya kiwango kwa miezi mitatu mpaka sita anatakiwa kuandikiwa difolti, naomba muiandike na tarehe irudi pale ilipostahili. Wakakataa. Nikaandika tena, safari hii nikaweka neno malalamiko juu kabisa ya barua, maana ukishalalamika rasmi wana wiki 8 za kukujibu, zikipita au jibu lisiporidhisha unaenda Financial Ombudsman Service, wale wasuluhishi wa malalamiko ya fedha, na hulipi hata senti. Hawakungoja nifike huko, tarehe ikarekebishwa.

Mpango wenyewe wa kulipa unauandaaje? Unaanza na vile ambavyo usipolipa utapoteza nyumba au utapelekwa pabaya: kodi ya nyumba, kaunsil taksi (kodi ya halmashauri), gesi na umeme, faini za mahakama. Kadi zinakuja mwisho, japokuwa ndo zinazopiga simu kwa kelele kuliko wote. Unajaza fomu ya mapato na matumizi, ile ya SFS (Standard Financial Statement) ambayo wakopeshaji karibu wote wanaitambua, na ina hata nafasi ya akiba kidogo, usiiache wazi. Kinachobaki unakigawa kwa uwiano wa deni. Tuseme kilichobaki ni pauni 100 na kadi zako ni 4,800, 3,000 na 1,800, basi wa kwanza anapata 50, wa pili 31.25, wa tatu 18.75, na kila mmoja unamtumia karatasi ileile ya hesabu ili aone hakuna aliyependelewa. Usimpe zaidi yule anayefoka. Omba riba na faini zisimame, hawalazimiki kisheria kuzifuta ila FCA, msimamizi wa kampuni za fedha, inawataka wamvumilie mteja mwenye shida, na wengi wakiona karatasi imepangika wanakubali.

Sasa pesa ya nyumbani, hapa ndo tunapoangukia wengi na washauri wa huku hawatuelewi vizuri. Kile unachomtumia mama kila mwezi ni matumizi, kiandike wazi kwenye fomu, mkopeshaji anaweza kuuliza, mjibu kwamba ni mzazi anakutegemea na hiki ndo kiasi. Usikifiche halafu ukatuma kimyakimya, utakuwa umeahidi kadi pauni 100 ambazo huna, mwezi wa pili mpango umekatika na ukishakatika ni kuanza kujieleza upya. Ambacho hakina nafasi kwenye fomu ni michango ya dharura, harusi ya binamu, msiba, ada ya mtoto wa shangazi. Niliongea na kaka yangu mkubwa kabla sijaandika barua hata moja, nikamwambia kwa miaka kadhaa nitatoa kiasi hiki tu na msiba mkubwa wa familia peke yake ndo nitaongeza, yeye akawafikishia wengine kwa heshima. Ilisaidia kuliko mimi kujitetea kwa kila mtu kwenye grupu. Na mchezo vilevile, kama umo katikati maliza zamu yako maana ni hela za watu, ila usiingie mwingine mpaka mpango umekaa sawa.

Jambo jingine la haraka sana: kama mshahara wako unaingia benki ileile yenye kadi unayodaiwa, fungua akaunti ya kawaida benki tofauti kabla hujaanza mpango. Benki ina haki ya kuchota kwenye akaunti yako kufidia kadi yake na unaweza kuamka siku ya mshahara hakuna kodi. Futa dairekti debiti (yale makato wanayochota wao) za kadi zote, weka oda ya kudumu ambayo wewe ndo unaamua kiasi na tarehe. Na mawasiliano yote yawe kwa maandishi, wakipiga waambie waandike.

Baada ya difolti usishangae deni likauzwa. Utapata barua kwamba sasa mdai wako ni kampuni fulani, unaendelea na kiasi kilekile kwa mdai mpya, na hapo angalia rekodi yako kwa makini: tarehe ya difolti haitakiwi kubadilika kwa sababu ya kuuzwa. Ikisogezwa mbele lalamika siku hiyohiyo, maana wanakuongezea miaka. Ukiwa na shaka na deni lenyewe unaweza kuomba nakala ya mkataba kwa pauni 1 kwa kifungu cha 78 cha ile sheria ya 1974, na mpaka wailete hawawezi kupata hukumu mahakamani juu yako.

Kuna wanaoshauri mtu aache kulipa kabisa miaka 6 ipite deni life. Wanachanganya miaka 6 ya rekodi na miaka 6 ya sheria ya ukomo ya 1980 kwa England na Wales, yaani muda ambao ukipita mdai hawezi tena kukudai mahakamani. Ile ya ukomo inaanza upya ukilipa hata pauni moja au ukikiri deni kwa maandishi, na kabla haijatimia mdai anaweza kukupeleka mahakamani muda wowote. Ikija fomu ya madai ya mahakama usiiweke kwenye droo, una siku 14 tu za kujibu, na unaweza kuomba kulipa kile ulichokuwa unalipa. Hukumu nayo inakaa kwenye rekodi miaka 6, isipokuwa ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja ndo inafutwa.

Ukihitaji kupumua kwanza upange, England na Wales kuna Breathing Space tangu Mei 2021, siku 60 riba na usumbufu vinasimama, unaiombea kwa mshauri wa mashirika ya hisani ya StepChange au Citizens Advice, bure. Mtu yeyote anayekutoza ada ya kukupangia mpango huu mkimbie. Walioko Scotland msifuate kila kitu nilichoandika, ukomo kwenu ni miaka 5 na mna DAS, mpango wa serikali ambao riba inasimama kisheria, ulizeni hiyo kwanza kabla ya kuanza kuandika barua wenyewe.