Usimwite mwenyekiti wako Fisadi

Mdogo wangu wa Newala, umeuliza kama katika riwaya yako mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika anayenunua kangomba kwa siri, yaani korosho za wakulima kwa bakuli nje ya ushirika, umwite Bwana Fisadi. Hapana. Msomaji atamhukumu ukurasa wa kwanza, sasa utamwonyesha nini tena? Shaaban Robert aliyaweza majina ya wazi kama Utubora, lakini yeye alikusudia mafunzo.

Mwite Amani tu. Kisha tumwone usiku, taa ya simu mdomoni, akipimia korosho za mjane kwa bakuli lililojaa hadi kumwagika.

Mkulima anayegoma kuuza mpe jina Machemba. Huku kwetu wapo watakaomkumbuka yule chifu wa Wayao aliyewakatalia Wajerumani mwaka 1890, na wala usieleze. Ila jina la diwani aliyepo madarakani liache, watu watasoma umbea badala ya riwaya.