Inzi wako uliwagandisha saa ngapi?

Swali: Nimepima RNA ya jeni la period Jumatatu na Jumanne, inzi wa matunda wa chupa moja. Jumatatu tele, Jumanne karibu hamna. Kemikali zimeharibika?

Kila mara naulizwa hili, na hakuna anayetaja saa aliyogandisha inzi wake. Kemikali ni nzima. Period ni jeni la saa ya mwili, ile inayompangia inzi usiku na mchana, na RNA ni nakala yake ya kutengenezea protini. Taa zikiwaka saa 12 asubuhi na kuzimwa saa 12 jioni, RNA ya period hufika kilele mnamo saa 2 hadi saa 4 usiku, na asubuhi huwa imeshuka. Protini yake, PER, huja nyuma, ikajaa kuelekea alfajiri. Ikiambatana na TIM, protini mwenzake, huingia kwenye kiini cha seli na kuzibana CLOCK na CYCLE, protini ambazo ndizo huliwasha jeni la period. Jeni linazimwa na zao lake lenyewe! PER ikishavunjwavunjwa mchana, CLOCK na CYCLE zinaachiwa, mambo yanaanza upya. Na haziwashi period peke yake, kwa hiyo hata kama jeni lako halihusiani na saa, andika saa kwenye kichupa. Sisi Waswahili hatuna kisingizio: maabara huhesabu tangu taa ziwake, kama tunavyohesabu tangu kuche.

Swali: Gizani saa yao husimama?

Haisimami.

Swali: Naweza kuwatoa gizani kwa tochi ya simu?

Usithubutu. Kriptokromu, protini ya inzi inayohisi mwanga, hunasa mwanga wa buluu, TIM inaharibiwa, na dakika chache tu zinatosha kuisogeza saa: mapema usiku inachelewa, karibu na alfajiri inawahi. Tumia taa nyekundu hafifu, na uzibe hata kile kitaa cha mashine.

Swali: Saa iko ubongoni tu?

La. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliwatia inzi kimeng'enya cha kimulimuli kinachoongozwa na period. Mabawa, miguu na vipapasio vilivyokatwa viliendelea kung'aa na kufifia kwa zamu. Basi ukisaga vichwa vizima, sehemu kubwa ya unachopima inatoka machoni.

Swali: Washindi wa Nobeli ya 2017 ndio waliogundua period?

Hall, Rosbash na Young walilitenga mwaka 1984 na kueleza linavyofanya kazi; walistahili. Waliolipata ni Ronald Konopka na Seymour Benzer, California, 1971, kwa kufuatilia saa ambazo inzi hutoka kwenye bundo, yaani gamba ambamo buu hugeuka inzi. Walipata inzi wenye siku ya saa 19, wenye siku ya saa 28, na wasio na mpangilio wowote. Hitilafu zote tatu zikaangukia jeni moja. Benzer alifariki 2007, Konopka 2015, na Nobeli haipewi marehemu. Utangulizi wa tasnifu yako uanze nao.