Re: Kodi ya majengo imepanda, nifanyeje? (Houston)

Pole dada, hiyo barua ya kusema thamani ya nyumba yako imepanda inatisha kweli. Umeuliza kama kuna njia ya kuipunguza kodi, ipo. Kwanza ushajaza fomu ya homstedi, yaani ya kuomba punguzo la kodi kwa nyumba unayoishi? Kama nyumba unaishi mwenyewe, Texas wanakutolea dola 140,000 kwenye thamani kabla ya kupiga kodi ya shule (ile sehemu ya kodi ya majengo inayoenda shuleni), na ukishakuwa nayo thamani ya kukatia kodi haipandi zaidi ya 10% kwa mwaka. Anwani ya leseni yako ya udereva iwe ya hiyo nyumba, na fomu ni bure kabisa, kampuni zikikuletea barua za kutaka hela zikujazie achana nazo.

Halafu kata rufaa kwa ofisi ya tathmini iliyopanga hiyo thamani, usiogope! Mwisho ni Mei 15 au siku 30 tangu watume barua, ile inayochelewa. Mi nilipiga picha za nyufa na paa linalovuja nikaomba fundi aniandikie gharama, na kwa sababu Texas bei za mauzo hazitangazwi muombe dalali akupe za nyumba kama yako mtaani kwenu, hapo ndo wananyamaza. Mwenye nyumba akifika 65 kuna punguzo lingine, mama yako vipi, jina lake limo kwenye hati?