Msihesabishe watoto kuanzia sitini

Wadogo zangu mlioanza mazoezi ya kupima matamshi ya watoto waliozaliwa na kaakaa lililopasuka hapa Tabora, juzi nimemkuta mmoja wenu akimhesabisha mtoto kuanzia sitini. Najua alikoitoa. Kwa Kiingereza, kuanzia sitini S, isiyopitia puani, inarudi kila namba, ndiyo maana wenzetu wanaipenda. Kwetu "sitini na moja" ina N mbili na M moja, na hizo hupitia puani kwa kila mtu. Kioo unachomwekea mtoto chini ya pua kitapata ukungu, nawe utaandika king'ong'o!

1. Hesabisheni tatu, sita, saba, tisa. Zilizobaki hadi kumi zote zina N au M.

2. Sentensi ziwe kavu, bila N wala M: "Kaka kapata kikapu." Mbuzi na ndizi zikae nje.

3. Lugha ya nyumbani. Hili linaniuma hadi leo. Nilimpima mvulana wa miaka sita kutoka Sikonge, kaakaa limeshashonwa. Kiswahili kilimpa shida, akajificha kwenye khanga ya bibi yake. Nikamwomba bibi aongee naye Kinyamwezi. Akamjulia hali, mtoto akajibu, "Mhola." Nikasikia pumzi ikipita puani. Nikaandika hewa inavuja, nikamwambia bibi mjukuu atarudi kushonwa. Hakubisha. Alifungua fundo la khanga, akahesabu nauli mara mbili, akalifunga tena.

Nesi mmoja mtu mzima, Mnyamwezi, alikuwa mlangoni. Akachukua kioo changu, akakiweka chini ya pua ya bibi. "Bibi, hebu sema mhola." Kikajaa ukungu. Kinyamwezi, kama Kisukuma, kina M na N za pumzi, zile zinazoandikwa mh na nh. Mtoto alikuwa anatamka sawasawa kabisa. Tukampima upya kwa maneno makavu, kioo hakikupata hata alama. Nikachana ile karatasi mbele ya bibi na kumwomba radhi. Tangu hapo siandiki kosa kabla sijamsikia mzazi akitamka neno hilohilo.

4. Mulikeni tochi mdomoni mtafute tundu lililobaki kwenye kaakaa.

5. Pimeni masikio; watoto hawa hupata sana maji nyuma ya ngoma ya sikio.

6. Anayekatia T kooni, "tatu" ikawa "a'u", anahitaji mazoezi hata baada ya kushonwa vizuri. Mkasi hauondoi mazoea.

Wewe wa sitini, njoo na orodha yako tuipange upya. Kesho saa tatu anakuja mtoto wa Kasulu anayesema Kiha. Mama yake aingie naye, atamke kwanza yeye.